Utabiri wa Hali ya Hewa: Pima Gharama Yako Kabla ya Kuuliza Kama Utatimia

Aprili 2021 Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) iliwatahadharisha wakazi wa pwani kwamba kimbunga Jobo kilikuwa kikielekea kwao. Jobo kilipungua nguvu kikiwa bado baharini, na mabaki yake yalipofika pwani hayakuwa tena kimbunga. Miaka mitatu baadaye, mwanzoni mwa Mei 2024, tahadhari kama hiyo ilitolewa tena. Safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa, na safari hii kimbunga Hidaya kilifika kweli karibu na kisiwa cha Mafia, kikaharibu nyumba, na mvua zake zikakata barabara ya kwenda Lindi. Wapo wanaozisoma habari hizi mbili kama alama za mtihani: mara ya kwanza watabiri walikosa, mara ya pili walipata. Usomaji huo una madhara. Aliyekata shauri baada ya Jobo kwamba wataalamu husema tu, alijiweka hatarini mbele ya Hidaya, ingawa tahadhari zote mbili zilitokana na kazi ya aina moja na zote mbili zilistahili kufuatwa. Anayeuliza tu kama utabiri utatimia hawezi kuutumia vizuri. Atakayeutumia vizuri ni yule anayeuliza maswali mawili: uwezekano wa jambo hili ni mkubwa kiasi gani, na je, kujikinga kutanigharimu kiasi gani ukilinganisha na hasara nitakayoipata nisipojikinga?

Ili kuona kwa nini maswali hayo ndiyo yanayofaa, inabidi kujua kompyuta inafanya nini hasa. Kazi huanza na vipimo. Vituo vya ardhini hupima joto, unyevu, upepo na mgandamizo wa hewa. Meli na maboya hupima bahari, na ndege za abiria hutuma vipimo zikiwa angani. Puto zenye vifaa hurushwa kwa ajili ya vipimo vya saa tisa usiku na saa tisa alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, ili vioane na vya nchi nyingine zote. Setilaiti, ambazo siku hizi ndizo zinazoleta sehemu kubwa zaidi ya taarifa, huikagua dunia nzima bila kupumzika. Vipimo hivyo huunganishwa na utabiri uliotangulia ili kupata picha moja ya anga lilivyo sasa. Baada ya hapo anga lote hugawanywa katika visanduku. Modeli (yaani programu ya kompyuta inayofanya hesabu hizi) ya kituo cha Ulaya kiitwacho ECMWF, inayotegemewa na wataalamu wa nchi nyingi, ina visanduku vyenye upana wa kilomita 9 hivi, vilivyopangwa kwa tabaka 137 kutoka ardhini kwenda juu. Kwa kila kisanduku kompyuta hukokotoa kanuni za fizikia zinazojulikana: hewa husukumwa kutoka kwenye mgandamizo mkubwa kwenda kwenye mdogo, hewa yenye joto hupanda, mvuke unapopoa hugeuka maji na kuachia joto. Hukokotoa hali itakavyokuwa dakika chache mbele, kisha hulichukua jibu hilo na kulifanya mwanzo wa hesabu inayofuata, hivyo hivyo hadi siku 10 au 15 mbele.

Hesabu hizi zilifikiriwa kabla kompyuta hazijakuwepo. Mwaka 1904 Vilhelm Bjerknes wa Norway alieleza kwamba hali ya hewa ya kesho inaweza kukokotolewa kutokana na ya leo kwa kufuata kanuni za fizikia. Mwingereza Lewis Fry Richardson alijaribu kufanya hivyo kwa mkono, akichukua vipimo vya Ulaya vya tarehe 20 Mei 1910, na mwaka 1922 akayachapisha matokeo katika kitabu. Hesabu yake ilisema kwamba mgandamizo wa hewa ungepanda kwa milibari 145 ndani ya saa sita, jambo lisilowezekana, wakati siku yenyewe kipimo kilikuwa kimetulia. Miongo mingi baadaye mtaalamu Peter Lynch aliirudia kazi hiyo kwa kompyuta, akaonyesha kwamba njia ya Richardson ilikuwa sahihi. Kilichomharibia ni vipimo vya mwanzo ambavyo havikuwa vimesawazishwa. Mwaka 1950 kundi la Jule Charney na John von Neumann huko Marekani lilitoa utabiri wa kwanza wa kompyuta kwa mashine iliyoitwa ENIAC, na kutabiri saa 24 mbele kulichukua karibu saa 24 za kazi. Tangu miaka ya 1980 ubora umeongezeka kwa takriban siku moja kila miaka kumi: utabiri wa siku ya sita leo unakaribia ubora wa utabiri wa siku ya tano muongo mmoja uliopita. Lakini kosa la Richardson bado linatufundisha. Fizikia inaweza kuwa sawa na jibu likapotoka kwa sababu ya vipimo, na Afrika ndilo bara lenye upungufu mkubwa wa vituo, puto na rada.

Hata vipimo vingekuwa vingi, kuna mpaka ambao hautavukwa. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa huko Massachusetts, alitaka kurudia sehemu ya hesabu aliyokwisha kuifanya kwenye kompyuta. Badala ya kuingiza namba kamili 0.506127 aliingiza 0.506, akiamini kwamba tofauti ndogo kiasi hicho haina maana. Mwanzoni majibu mawili yalikwenda sambamba, kisha yakaanza kuachana, na mwisho hayakufanana kabisa. Aliyachapisha mahitimisho yake mwaka 1963: kosa dogo la mwanzo hukua siku hadi siku, kwa hiyo utabiri wa siku moja moja kwa majira ya mbele sana hauwezekani, hata kompyuta iwe kubwa namna gani. Wataalamu waliikubali hali hiyo na kuifanyia kazi. Kuanzia mwaka 1992 vituo vikuu vya Ulaya na Marekani vilianza kuendesha modeli mara nyingi kwa wakati mmoja, kila mara vikibadilisha kidogo hali ya mwanzo. ECMWF huendesha modeli yake mara 51. Ikiwa mara 45 kati ya hizo zinaonyesha mvua kubwa Tanga Jumamosi, mtabiri ana sababu ya kusema kwa uzito. Zikigawanyika, 15 zikiwa na mvua na 36 zikiwa hazina, anasema uwezekano ni asilimia 30 hivi. Asilimia hiyo haimaanishi kwamba mtaalamu anajihami ili asilaumiwe. Ndiyo taarifa yenyewe, na anayeikata na kubakiza "itanyesha" au "haitanyesha" ametupa sehemu yenye faida kubwa zaidi.

Tuone faida hiyo kwa hesabu. Mchukue mama anayeanika dagaa Mwanza. Tuseme dagaa alioanika siku moja wana thamani ya shilingi 100,000, na mvua ikiwanyeshea wanaharibika wote. Kuwafunika kwa turubai na kuwalipa vijana wa kuwaanua na kuwaanika tena kunamgharimu shilingi 15,000. Utabiri unasema uwezekano wa mvua ni asilimia 30. Katika siku kumi za namna hiyo, saba hazitakuwa na mvua, na kila moja ya hizo saba itaonekana kana kwamba ametupa fedha bure. Lakini jumla ya kujikinga siku zote kumi ni shilingi 150,000, na asipojikinga atapoteza mzigo wa siku tatu, yaani shilingi 300,000. Anafaidika kwa kujikinga, ingawa mara nyingi mvua haiji. Sasa mchukue jirani yake ambaye kinga inamgharimu shilingi 60,000 kwa mzigo wa thamani ile ile, labda kwa sababu lazima akodi ghala na gari. Kwake siku kumi za kinga ni shilingi 600,000 dhidi ya hasara ya 300,000. Huyu anafanya vyema kuacha, mpaka uwezekano uvuke asilimia 60. Utabiri ni mmoja, watu wawili wameamua tofauti, na wote wawili wameamua sawa. Kanuni ni nyepesi: gawanya gharama ya kinga kwa hasara unayoikinga, na uwezekano ukizidi jibu hilo, jikinge. Kwa kipimo hiki tahadhari ya Jobo inaeleweka. Kuvuta mashua nchi kavu kwa siku mbili ni gharama ndogo, kupoteza mashua na roho ni hasara isiyolipika, kwa hiyo hata uwezekano mdogo unatosha kumfanya mvuvi abaki nyumbani. Jobo kufifia hakumfanyi aliyebaki nyumbani kuwa mjinga.

Ushauri wa pili ni kuulinganisha uamuzi na umri wa utabiri. Kwa saa chache hadi siku mbili au tatu, modeli zina nguvu hasa kwa mambo makubwa: kimbunga, upepo mkali wa kusi, mawimbi, ukanda wa mvua unaposogea juu ya nchi nzima. Kwa mambo madogo uwezo wao ni hafifu. Wingu la radi linaweza kuwa na upana wa kilomita chache na kuishi kwa saa moja tu, kwa hiyo linapotea ndani ya kisanduku cha kilomita 9, na kompyuta hulazimika kulikadiria kwa fomula ya jumla. Katika nchi zetu za karibu na Ikweta mvua nyingi hutoka kwenye mawingu ya namna hiyo, ndiyo maana utabiri wa mvua wa kwetu ni mgumu kuliko wa Ulaya, ambako mvua nyingi huletwa na mifumo mikubwa inayosafiri kwa siku kadhaa. Ziwa Victoria ni mfano ulio wazi. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana katikati ya ziwa juu ya maji yenye joto, na dhoruba huzaliwa huko huko walipo wavuvi. Modeli inaweza kusema mchana kwamba usiku huu dhoruba zinaelekea kuwa kali upande wa magharibi, lakini haiwezi kutaja saa na mahali pa kila moja. Kwa hiyo anayekwenda ziwani asome taarifa ya siku ile ile, aitazame tena jioni kabla ya kuondoka, na akiona wingu jeusi linapanda asiseme kwamba utabiri haukulitaja. Kuanzia siku ya tano hadi ya kumi, chukua mwelekeo tu: wiki ijayo inaelekea kuwa na mvua kuliko kawaida, au kuwa kavu. Panga kazi inayoweza kuahirishwa, wala usitoe fedha isiyorudi kwa sababu ya picha ya wingu la Alhamisi ijayo.

Utabiri wa msimu ni kazi ya namna nyingine. Hauwezi kukuambia itanyesha tarehe gani, kwani Lorenz ameshaufunga mlango huo. Unategemea bahari, ambayo hubadilika polepole na kuisukuma hewa kwa miezi kadhaa. Kwa Afrika Mashariki mambo mawili hutazamwa zaidi: joto la Bahari ya Pasifiki, linaloleta El Niño na La Niña, na tofauti ya joto kati ya upande wetu wa magharibi wa Bahari ya Hindi na upande wa mashariki karibu na Indonesia. Upande wetu ukiwa na joto zaidi, mvua za vuli huongezeka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1997 na 2019. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kali, lakini Bahari ya Hindi haikuisaidia kwa nguvu, na mvua za vuli hazikufikia maafa ya 1997 yaliyohofiwa. Mwaka 2022 kituo cha hali ya hewa cha kanda, ICPAC, kilichopo Kenya, kilitabiri vuli iliyo chini ya wastani katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, na ndivyo ilivyotokea, ukawa msimu wa tano mfululizo wa mvua kushindwa. Mwaka uliofuata bahari zote mbili zilielekea upande wa mvua. Oktoba 2023, wakati utabiri wa kitaalamu ulikuwa bado unaonyesha mvua za juu ya wastani, viongozi wa juu wa Kenya waliwaambia wananchi kwamba El Niño iliyohofiwa haitakuwepo. Novemba mafuriko yalikuja na watu zaidi ya 100 wakafa. Uwezekano uligeuzwa kuwa hakuna kabisa, na wananchi wakalipa. Kumbuka pia kwamba vuli hutabirika vizuri zaidi kuliko masika, kwa kuwa masika hayaifuati bahari kwa karibu namna hiyo. Uzito utakaoupa utabiri wa vuli wa Septemba usiwe sawa na ule wa masika wa Februari.

Jinsi ya kuusoma utabiri wa msimu pia inahitaji uangalifu. Wataalamu huigawa miaka iliyopita katika mafungu matatu yaliyo sawa: chini ya wastani, wastani na juu ya wastani. Bila taarifa yoyote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Tuseme taarifa inasema asilimia 45 chini ya wastani, 35 wastani na 20 juu. Magazeti yataandika kwamba ukame unakuja, lakini soma namba tena: nafasi ya kupata mvua za wastani au zaidi ni asilimia 55. Mkulima wa Same mwenye ekari tatu hana sababu ya kuacha mahindi kabisa, wala hana sababu ya kupanda kama mwaka jana. Anaweza kuweka ekari moja na nusu mtama na kunde, ekari moja mahindi ya muda mfupi, na nusu ekari mbegu aliyoizoea. Anaweza pia kuacha kukopa fedha za mbolea ya shamba zima, na kuhifadhi debe kadhaa za mavuno yaliyopita badala ya kuuza yote. Mvua zikija nyingi atakuwa amepungukiwa kidogo, zikikosa atakuwa na chakula. Tena asiishie kwenye jumla ya mvua. Msimu unaweza kufikia wastani huku mahindi yakikauka, kama mvua yote imenyesha kwa wiki tatu na kuacha ukavu wakati wa kubeba. Taarifa za TMA na za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutaja pia lini mvua zinatarajiwa kuanza na kuisha, na vipindi vya ukavu vinavyotarajiwa katikati. Sehemu hizo husahaulika, na ndizo zinazoamua wiki ya kupanda. Na katika maeneo makavu, juu ya wastani haina maana ya mvua nyingi. Ina maana ya zaidi ya kile kidogo kilichozoeleka.

Kuna pingamizi la wazee, na ni pingamizi la heshima. Wanasema babu zetu walijua mvua kwa kutazama miti inavyochipua, ndege wanavyohama, upepo unavyogeuka na nyota zinavyokaa, bila kompyuta. Dalili hizo nyingi zina msingi. Mti unaochipua huitikia joto na unyevu, na upepo unaogeuka ndio huo huo ambao modeli inaukokotoa. Huko Vihiga, magharibi mwa Kenya, watabiri wa jadi wa ukoo wa Nganyi wamekaa pamoja na wataalamu wa idara ya hali ya hewa na wa ICPAC, kila upande ukatoa utabiri wake wa msimu, wakapatana juu ya taarifa moja kwa wanakijiji. Huo ndio mwenendo ninaoushauri. Dalili za kienyeji zina faida ya kuhusu kijiji chako hasa, na modeli ina faida ya kuiona bahari iliyo umbali wa maelfu ya kilomita ambayo hakuna mti wa kijijini unaoijua miezi mitatu kabla. Zikikubaliana, ongeza imani. Zikitofautiana, gawanya shamba. Ila tukubali jambo moja: dalili zilijengwa kwa miaka mingi ya hali iliyofanana, na hali hiyo inabadilika. Mzee mwenyewe akisema kwamba majira siku hizi hayaeleweki, anakiri kwamba kipimo chake cha zamani kinahitaji msaada.

Hapo ndipo linapoibuka pingamizi kubwa kuliko yote: kama kompyuta haijui mvua ya wiki tatu zijazo, itajuaje tabianchi ya miaka 50 ijayo? Jibu ni kwamba maswali hayo mawili hayafanani. Hakuna awezaye kusema leo kama Januari 14 mwakani itanyesha Dar es Salaam, lakini kila mtu anajua kwamba Januari itakuwa na joto kuliko Julai, kwa kuwa jua litakuwa limesogea upande wetu. Tabianchi ni wastani wa miaka mingi, na wastani huo huamuliwa na kiasi cha joto kinachoingia na kutoka duniani. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikokotoa kwa kompyuta dhaifu ya wakati ule kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka maradufu, uso wa dunia utapata joto la nyuzi 2.3 hivi zaidi, huku tabaka la juu la anga likipoa. Maelezo hayo ya pili ndiyo mtihani wenyewe. Kama jua ndilo lingekuwa linaongeza joto, tabaka zote zingepata joto. Setilaiti na puto zimeonyesha tangu wakati huo kwamba chini kunapata joto na juu kunapoa, kama walivyosema. Mwaka 2021 Manabe alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, kundi la James Hansen lilitumia modeli kutabiri kwamba vumbi na gesi zake vingeipoza dunia kwa takriban nusu nyuzi kwa muda, na baridi hiyo ikaja. Modeli hizi zimepimwa mbele ya macho ya dunia na zimefaulu katika jambo kuu, yaani joto.

Zina udhaifu pia, na mshauri mwaminifu hauufichi. Kwa mvua za Afrika Mashariki modeli nyingi za tabianchi zinaonyesha masika yakiongezeka kadiri karne inavyosonga, ilhali tangu miaka ya 1980 vipimo vilionyesha masika yakipungua katika sehemu kubwa ya kanda. Wataalamu wanaujadili mgongano huo mpaka leo. Mwenye uamuzi wa muda mrefu asisubiri mjadala uishe. Atenganishe kilicho na uhakika na kisicho nao. Ongezeko la joto lina uhakika mkubwa, na vivyo hivyo kupanda kwa usawa wa bahari, na kwamba mvua zinaponyesha huweza kuwa kali zaidi kwa sababu hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi. Jumla ya mvua ya mwaka haina uhakika huo. Kwa hiyo anayepanda kahawa leo, mti utakaozaa kwa miaka 20 na zaidi, aweke miti ya kivuli na achague aina inayovumilia joto, kwa kuwa joto litakuja mvua ziwe nyingi au chache. Halmashauri inayojenga kalavati isitumie vipimo vya mvua vya miaka ya 1970 peke yake. Anayejenga nyumba Zanzibar, Lamu au Bagamoyo karibu na maji arudi nyuma. Maamuzi ya namna hii ni mazuri kwa kuwa hayategemei modeli ipatie kila kitu. Yanafaa katika kila hali inayoelekea kutokea.

Simu nayo inahitaji neno. Programu nyingi za simu huchukua majibu ya modeli ya dunia nzima, zikayaweka kwenye picha ya jua au wingu bila mtaalamu wa eneo lako kuyapitia. Mlimani, kando ya ziwa au pwani, kisanduku kimoja huweza kubeba kilele na bonde kwa pamoja, na picha ya simu ikawa si ya kwako wala ya jirani. Itumie kwa joto na upepo wa siku mbili tatu, lakini kwa hatari sikiliza mamlaka ya nchi yako. Nchini Tanzania TMA hutumia rangi: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa, na kila taarifa hutaja kiwango cha uwezekano na cha athari. Soma vyote viwili. Athari kubwa yenye uwezekano mdogo inaweza kudai hatua kuliko athari ndogo yenye uwezekano mkubwa. Tangu mwaka 2023 zimetokea pia modeli za akili mnemba, kama Pangu-Weather ya Huawei na GraphCast ya Google DeepMind, zinazotoa utabiri wa siku 10 kwa dakika moja hivi, na Februari 2025 ECMWF ilianza kutumia ya kwake kila siku. Ni habari njema kwa nchi zisizo na kompyuta kubwa. Lakini zimejifunza kutokana na kumbukumbu za hali ya hewa za miaka 40 hivi zilizotengenezwa kwa vipimo na kwa modeli zile zile za fizikia, na bado huhitaji vipimo vya leo ili kuanza kazi. Uhaba wa vituo Afrika hautatibiwa na akili mnemba.

Pingamizi la mwisho ndilo linaloniuma zaidi: hesabu za gharama na hasara ni za mwenye uwezo, na maskini hata akijua hana turubai, hana mbegu ya pili, hana pa kuhamia. Ni kweli, na utabiri usiofuatwa na msaada ni nusu ya kazi. Lakini kinachofuata kutokana na ukweli huo si kuupuuza utabiri. Ni kuupangia fedha kabla ya maafa. Kikundi cha akina mama kinaweza kununua turubai kwa zamu. Ushirika unaweza kuagiza mbegu za muda mfupi mara utabiri wa msimu unapotoka, kabla ya maduka kuishiwa. Kijiji kinaweza kumwita afisa ugani aisome taarifa mkutanoni, na aulizwe: uwezekano ni asilimia ngapi, na sisi tufanye nini ikiwa utakwenda kinyume? Wabunge na madiwani waulizwe kwa nini kituo cha mvua cha wilaya kimekufa, kwa kuwa kila kipimo kinachokosekana hapa hupunguza ubora wa utabiri unaoturudia.

Anza na daftari. Andika utabiri unapotolewa, pamoja na asilimia zake, kisha andika kilichotokea kwako. Kipima mvua cha bei nafuu kitakusaidia, na kikikosekana, andika siku za mvua na siku za ukavu. Usihukumu kwa tukio moja. Baada ya misimu kadhaa angalia kama pale waliposema asilimia 30, mvua ilinyesha karibu mara tatu katika kumi. Ikiwa ndivyo, umepata mshauri wa kuaminika, hata kama amekosa mara kadhaa. Ikiwa katika eneo lako hukosea upande mmoja kila mara, umegundua jambo ambalo watabiri wanalihitaji, na una namba za kuwapelekea. Kisha weka kiwango chako mapema, kabla ya msimu, ukiwa umetulia: kwa mashua yangu, uwezekano ukifika hapa sitoki, kwa shamba langu, ukifika pale nabadilisha mbegu. Aliyeweka kiwango mapema haamui kwa hofu siku ya mawingu, wala kwa hasira ya siku ambayo mvua haikuja.